Msiikate Aya Katikati: Enzi, Haki na Rehema za Mungu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nawasalimu wachungaji, makatekista, wazee wa kanisa, na ninyi walimu wa Shule ya Jumapili ambao mara nyingi ndio mnaoulizwa maswali magumu kuliko sisi wa mimbarini.

Fungueni Kutoka 34, aya ya 6 na ya 7. Hapa Mungu anajieleza mwenyewe, kwa kinywa chake: "BWANA, BWANA, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli, mwenye kuwaonea huruma watu elfu elfu, mwenye kusamehe uovu na makosa na dhambi, wala si mwenye kumhesabia mtu mwenye hatia kuwa hana hatia kamwe, mwenye kuwapatiliza watoto uovu wa baba zao, na wana wa wana wao pia, hata kizazi cha tatu na cha nne."

Angalieni maneno haya yametamkwa lini. Katika sura ya 32 watu wametengeneza ndama ya dhahabu chini ya mlima uleule ambako sheria ilikuwa inatolewa. Musa amezivunja mbao za mawe. Sura ya 33 Musa anaomba auone utukufu wa Mungu, naye anajibiwa hivi: nitamfadhili yeye nitakayemfadhili, nitamrehemu yeye nitakayemrehemu. Hiyo ndiyo enzi: rehema ni ya Mungu, haidaiwi wala haitolewi kwa kushurutishwa. Sura ya 34 linatajwa jina, na ndani ya jina hilo msamaha na hukumu vimo katika sentensi moja. Makosa karibu yote tunayofanya katika kufundisha jambo hili yanatokana na kuikata sentensi hiyo katikati. Mmoja anachukua nusu ya kwanza, anahubiri Mungu asiyejali dhambi. Mwingine anachukua nusu ya pili, anahubiri Mungu anayevizia. Wa tatu anaziacha zote mbili, anabaki na neno "nitakaye", anahubiri Mungu asiyeulizika na asiyejulikana.

Kabla sijaendelea, maneno yenyewe, kwa sababu Kiswahili chetu kinatusaidia mahali pamoja na kutupoteza mahali pengine. "Haki" kwetu lina kazi nyingi: haki ya mtu anayodai, haki ya mahakamani, na uadilifu wa mtu mwema. Msikilizaji akisikia "haki ya Mungu" anaweza kufikiri hukumu peke yake, kumbe katika Zaburi 103:6 haki hiyo ni Mungu kuwatetea wanaoonewa. Kwa mjane aliyenyang'anywa shamba, habari kwamba Mungu ni mwenye haki ni habari njema kabla haijawa tishio. Neno "rehema" nalo limetufikia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa Kiebrania unaozaa neno la tumbo la uzazi. Ni huruma ya mama kwa aliyemzaa. Halafu kuna neno la Kiebrania *hesed*, upendo wa agano usiovunjika. Biblia yetu ya Muungano inalitafsiri "rehema" katika Kutoka 34:6, na "fadhili" katika Zaburi 136, ambamo linarudiwa mara 26 katika aya 26. Kwa hiyo msimjengee mtu fundisho zima juu ya tofauti ya "fadhili" na "rehema" kwa kutazama Kiswahili tu.

Sasa tuone aya ikikatwa. Yona, katika sura ya 4, analalamika. Anasema alijua tangu kwao kwamba Mungu ni mwenye neema, amejaa huruma, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema, anayeghairi mabaya. Ni Kutoka 34 hiyo, ameinukuu hadi kwenye rehema akasimama. Hakosei alichonukuu, anachukia kwamba ni kweli hata kwa Ninawi, mji wa Waashuri. Nabii Nahumu naye anaanza na aya ileile: Bwana si mwepesi wa hasira, wala hatamhesabia mwenye hatia kuwa hana hatia kamwe. Amechukua upande wa pili. Na mji anaousemea ni uleule, Ninawi, ulioanguka mwaka 612 KK mikononi mwa Wababeli na Wamedi.

Je, Mungu alibadilika kati ya Yona na Nahumu? Someni Yona 3:8. Mfalme wa Ninawi hakuagiza watu wavae magunia tu. Aliagiza kila mtu aache udhalimu ulio mikononi mwake. Aya ya 10 inasema Mungu aliona matendo yao, jinsi walivyoiacha njia yao mbaya. Nahumu 3:1 inafungua kwa ole juu ya mji wa damu. Udhalimu ulioachwa katika Yona umerudi katika Nahumu. Mungu ni yuleyule, jina ni lilelile. Rehema ilitolewa kwa mji uliotua silaha ya dhuluma, na hukumu ikaupata mji ulioiokota tena. Ukifundisha Yona, panga Nahumu wiki inayofuata. Ni sura 3 tu, na wengi katika makanisa yetu hawajawahi kuzisikia zikisomwa.

Nije kwenye enzi, maana hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Msemo "ni mapenzi ya Mungu" unatumika kufunika mambo mengi: mimba ya mtoto wa shule, ajali ya dereva mlevi, fedha za kanisa zilizopotea. Biblia inakataa matumizi hayo bila kuipunguza enzi. Yusufu aliuzwa kwa vipande 20 vya fedha. Alikuwa na miaka 17 habari yake inapoanza, na 30 aliposimama mbele ya Farao. Katika Mwanzo 50:20 anawaambia ndugu zake kwamba wao walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Tazameni: makusudi mawili juu ya tendo moja. Yusufu hasemi "hamkufanya kitu, ilikuwa imepangwa." Ubaya wao anauita ubaya, usoni pao. Petro anafanya vivyo hivyo katika Matendo 2:23: Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, *nanyi* mkamwua kwa mikono ya watu wabaya. Hakuna aliyeponyoka kwenye hatia kwa kujificha nyuma ya shauri la Mungu. Kipimo ni rahisi: kama maneno "mapenzi ya Mungu" yanamwondolea mkosaji hatia, yametumika vibaya.

Mtaulizwa juu ya Farao: kama Mungu ndiye aliyeufanya moyo wake mgumu, kosa lake ni nini? Msijibu kwa kubahatisha, hesabuni. Mungu alitabiri tangu Kutoka 4:21 kwamba ataufanya moyo wa Farao mgumu. Lakini fuateni mapigo yenyewe. Baada ya pigo la kwanza, la pili, la tatu, la nne na la tano, maandiko yanasema moyo wake ulikuwa mgumu, au kwamba yeye mwenyewe aliufanya mzito (8:15 na 8:32). Katika masimulizi ya mapigo, ni kwenye la sita, la majipu, 9:12, tunaposoma kwa mara ya kwanza kwamba Bwana aliufanya mgumu. Pigo la saba, 9:34, ni Farao tena. Hivyo enzi na wajibu wa mtu vimesukwa kama ukili, huwezi kuvuta uzi mmoja ukauacha mwingine. Na ndani ya hukumu hiyo kuna jambo ambalo wengi hulipita: mvua ya mawe ilitangazwa siku moja kabla, na Wamisri wakaambiwa waingize mifugo na watu ndani. Watumishi wa Farao walioliogopa neno la Bwana walifanya hivyo, wakaokoa (9:18–20). Mlango uliachwa wazi kwa Mmisri.

Vivyo hivyo mfinyanzi. Warumi 9 inamtaja, na watu huishia kwenye "wewe ni nani umjibuye Mungu?" Nendeni na Yeremia 18. Chombo kinaharibika mkononi mwa mfinyanzi, naye anakifanya tena kuwa chombo kingine, hakitupi. Kisha aya ya 7 hadi ya 10 Mungu anaeleza maana: taifa nililolitamkia uangamivu likigeuka, nitaghairi, na nililolitamkia mema likitenda maovu, nitaghairi pia. Paulo mwenyewe anaifungua sura ya 9 kwa huzuni kubwa na maumivu ya moyo yasiyokoma kwa ajili ya ndugu zake, na hoja yake haifungi mpaka 11:32, ambako Mungu amewafunga wote katika kuasi ili awarehemu wote. Mwalimu anayefundisha sura ya 9 bila aya ya 2, na bila sura ya 10 na ya 11, ameikata tena aya katikati. Sura hizo tatu zifundishwe kwa mfululizo, au zingoje mpaka upate nafasi ya kuzifundisha hivyo.

Mabishano ya uteule, yaani jinsi Mungu anavyowachagua watakaookoka, yana historia ndefu. Waremonstranti, wafuasi wa Arminio huko Uholanzi, walitoa hoja zao tano mwaka 1610, Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa la Kireformati la huko, ikawajibu mwaka 1618 hadi 1619, na makanisa yetu mpaka leo yamekaa pande mbalimbali. Sitaamua ugomvi huo hapa. Nitasema tu kwamba pande zote mbili zilikana kwamba Mungu ndiye mwanzilishi wa dhambi. Mwanafunzi wako akitoka darasani akiamini kinyume cha hapo, hajafundishwa upande wowote.

Na misiba? Luka 13 Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote wa Yerusalemu, anajibu mwenyewe: sivyo. Nani ametupa sisi ruhusa ya kusema ndivyo? Jambo lingine la kuangalia msibani ni maneno ya Ayubu, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa." Ni maneno ya Ayubu juu ya watoto *wake*. Aliyefiwa akiyasema, tunanyamaza kwa heshima. Mgeni akimwambia aliyefiwa, anasimama mahali pa rafiki za Ayubu, ambao Mungu aliwaambia katika 42:7 kwamba hawakunena yaliyo sawa. Jema walilolifanya ni lile la kwanza: waliketi chini naye siku 7 usiku na mchana bila kusema neno. Mtazameni na Yesu kaburini kwa Lazaro. Anajua atamfufua muda mfupi ujao, hata hivyo analia. Na pale Kiswahili kinaposema "akaugua rohoni", neno la Kiyunani lina uzito wa ghadhabu. Mwenye enzi juu ya mauti anayakasirikia mauti. Hilo semeni msibani, litamfaa mtu.

Sasa niingie mahali ambapo haki na rehema zinakutana, na hapa naomba mnivumilie niende polepole.

Kutoka 25:17 inaagiza kiti cha rehema: dhahabu safi, urefu dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu. Dhiraa moja ni kama sentimita 45, kwa hiyo ni kama sentimita 112 kwa 67. Ni kifuniko cha sanduku. Ndani ya sanduku zimo mbao za ushuhuda, yaani sheria. Juu ya kifuniko, kati ya makerubi wawili, ndipo Mungu alipoahidi kukutana na watu wake. Sheria iko chini, uwepo wa Mungu uko juu, na kati yake ni kipande hicho cha dhahabu.

Mambo ya Walawi 16 inatupa utaratibu wa siku ya kumi ya mwezi wa saba. Kuhani mkuu anaoga, anavaa kitani tupu. Anamchinja ng'ombe dume kwa ajili yake na nyumba yake kwanza, kwa sababu naye ni mwenye dhambi. Anachukua chetezo cha makaa kutoka madhabahuni na konzi mbili za uvumba uliosagwa, anaingia nyuma ya pazia, moshi unakifunika kiti cha rehema asije akafa. Anarudi na damu, anainyunyiza kwa kidole juu ya kiti upande wa mashariki, na mbele ya kiti mara 7. Kisha anafanya vilevile kwa damu ya mbuzi wa watu. Mwisho anaweka mikono yake *yote miwili* juu ya kichwa cha mbuzi wa pili aliye hai, anaungama maovu yote ya Israeli, na mbuzi anapelekwa nyikani. Mmoja anakufa, mwingine anaichukua dhambi isionekane tena. Hakuna hatua inayosema "tusahau tu". Dhambi inatajwa, inalipiwa, inaondolewa. Na aliyeagiza yote hayo, akaisema damu kuwa ni yeye aliyewapa juu ya madhabahu (17:11), ni Mungu mwenyewe aliyekosewa.

Shikeni picha hiyo mkienda Warumi 3:25. Kiswahili kinasema Mungu alimweka Kristo awe "upatanisho". Neno la Kiyunani hapo ni *hilasterion*, na ndilo lililotumika katika tafsiri ya Kiyunani ya Agano la Kale kwa kiti cha rehema. Waebrania 9:5 inalitumia tena, na hapo Biblia yetu inasema wazi "kiti cha rehema". Msomaji wa Kiswahili hawezi kuuona uhusiano huo asipoonyeshwa, kwa hiyo ni kazi yetu kumwonyesha. Kile kilichokuwa kimefichwa nyuma ya pazia, Mungu amekiweka hadharani, msalabani.

Na swali analolijibu Paulo silo tunalolidhania. Sisi huuliza, Mungu mwema anawezaje kuhukumu? Paulo anauliza, Mungu mwenye haki aliwezaje kuziachilia dhambi zilizotangulia, kwa ustahimili, karne baada ya karne? Daudi alimwua Uria, askari wake, kisha Daudi huyohuyo akaambiwa hatakufa. Haki ya Uria iko wapi? Msalaba ndio jibu: Mungu apate kuwa mwenye haki *na* mwenye kumhesabia haki amwaminiye Yesu. Hakuna moja iliyoipisha nyingine njia.

Mfano mmoja niwasihi muuache: ule wa hakimu anayemwachilia mhalifu na kumnyonga mtu mwingine asiye na kosa. Mithali 17:15 inasema amhesabiaye haki mwovu na amhukumuye mwenye haki ni chukizo wote wawili. Mfano huo unamfanya Baba kuwa mkatili na Mwana kuwa mhanga aliyekamatwa. Maandiko yanasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake (2 Wakorintho 5:19), na Yesu anasema hakuna amwondoleaye uhai wake, bali yeye mwenyewe anautoa (Yohana 10:18). Hakimu ndiye aliyeshuka kizimbani.

Mwenye kusamehewa anaishije? Mathayo 18 inatupa hesabu. Mtumwa wa kwanza anadaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa siku. Hizo ni siku milioni 60 za kazi. Yeye naye anamdai mwenzake dinari 100, kibarua cha miezi mitatu au minne. Yesu hakusema dinari 100 si kitu. Ni deni la kweli, linauma. Anaonyesha kwamba deni la kwanza ni mara 600,000 ya hilo, na lilifutwa lote.

Lakini msamaha haufuti malipo kwa aliyedhulumiwa. Walawi 6:1–7 ina utaratibu: aliyeiba au kudhulumu anarudisha kitu chenyewe, anaongeza sehemu ya tano, anampa mwenyewe siku ileile anapoleta sadaka ya hatia. Aliyechukua 100 analeta 120. Madhabahu haikuwa njia ya kumkwepa jirani. Zakayo mtoza ushuru naye aliahidi kurudisha mara nne ya alichodhulumu, na angalieni mpangilio: Yesu aliingia nyumbani mwake kwanza, ahadi ikafuata. Rehema ilitangulia, malipo yakawa tunda lake.

Wazee wa kanisa, mtu akiletwa kwenu aliyempiga mkewe, au aliyemharibu mtoto, msianze kwa kumwambia aliyeumizwa "samehe, Mungu ni mwenye rehema." Kwanza aliyeumizwa awe mahali salama. Pili, jambo la jinai liende kwa wenye mamlaka. Warumi 13:4 inawaita watumishi wa Mungu kwa kazi hiyo, na hatua za Mathayo 18:15–17 hazikutolewa ili kuficha uhalifu. Tatu, mkosaji aambiwe kwamba kusamehewa na kurudishiwa cheo ni mambo mawili. Daudi alisamehewa siku ileile, na upanga haukuondoka nyumbani mwake. Aliyeumizwa atafika kwenye msamaha kwa mwendo wake, akisaidiwa, na kwake yeye haki ya Mungu ndiyo inayomwezesha kuachilia kisasi: Warumi 12:19 inamwambia kisasi kina mwenyewe. Ukimnyang'anya haki ya Mungu, umemwachia mzigo wa kulipiza kisasi auchukue peke yake.

Kuna mfano mmoja wa kuanzia kwa watoto. Mathayo 20, vibarua wa shamba la mizabibu. Sisi tuna bahati, saa zake ni saa zetu: saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. Mtoto anajua saa kumi na moja jua liko wapi. Wa kwanza alipata dinari aliyopatana. Hiyo ni haki. Wa mwisho alipata dinari asiyoifanyia kazi. Hiyo ni rehema. Mwenye shamba akasema, si halali yangu kutumia vilivyo vyangu nipendavyo? Hiyo ni enzi. Waulizeni watoto ni nani aliyedhulumiwa, kisha muwape muda watafute. Hawatampata.

Sasa naomba tusimame, tufungue Zaburi 103 na tuisome pamoja kwa sauti, aya zote 22 bila kuruka: ya 6 yenye haki, ya 8 yenye huruma, ya 19 yenye kiti cha enzi. Mchungaji atatuanzishia.